Anayesugua Benchi Ahesabu Miaka ya Aliye Mbele Yake

Kila Desemba, vijana wanaocheza futiboli ya Kimarekani vyuoni wanapoanza kuaga timu zao, majina mawili hayakosi kutajwa: Joe Burrow na Jalen Hurts. Hoja huwa ile ile. Wote wawili walipigwa benchi, wakahama, wakawa mastaa, kwa hiyo kwotabeki namba mbili mwenye akili afungashe virago mapema. Mwezi huu nimeisikia hoja hiyo kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayeishi Houston. Kijana ni namba tatu katika chuo kimoja cha Texas, mwaka wake wa pili. Nilimjibu kwa simu, lakini simu haikutosha.

Hoja hiyo inaanzia mwisho wa hadithi. Burrow na Hurts walihama, ni kweli kabisa. Lakini kabla ya kuhama walikaa, wakagombea namba hadharani, wakashindwa, na wakamaliza shahada zao. Sehemu hiyo haitajwi.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzo wa karibu kila shambulizi na kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Nafasi yake inafanana na ya kipa kwa jambo moja: anacheza mmoja tu. Beki wa akiba ataingia kwa zamu, mkimbiaji wa akiba atapewa dakika zake, ila kwotabeki namba mbili anaingia namba moja akiumia, akivurunda, au mechi ikiwa imeshaamuliwa. Unaweza kuwa hodari na ukakaa miaka 3 bila kutoka jasho siku ya mechi.

Zamani kuhama kulikuwa na adhabu yake. Mwanafunzi ambaye hajamaliza shahada alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza katika chuo kipya. Oktoba 2018 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaanzisha daftari la uhamisho: jina lako likiingia humo, makocha wa vyuo vingine wanaruhusiwa kukutafuta. Mwaka 2021 kila mchezaji akaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na mwaka 2024, baada ya kesi mahakamani, ikawa mara yoyote atakayo mradi masomo yake yako sawa. Sheria hizi nazipenda. Kocha alikuwa anaondoka leo na kesho yuko kazini kwingine, wakati kijana wa miaka 19 anafungiwa mwaka. Dhuluma ile imekwisha na isirudi. Ninachopinga ni mlango uliofunguka kugeuzwa kuwa amri ya kutoka.

Tumchukue Burrow. Alifika chuo cha Ohio State mwaka 2015. Msimu wa kwanza hakucheza kabisa, na miwili iliyofuata alikuwa nyuma ya J.T. Barrett. Agosti 2017 akavunjika mkono wa kurushia, na Dwayne Haskins akampita kwenye foleni. Kwa muda wote aliokaa pale, Burrow alirusha pasi 39 tu kwenye mechi. Barrett alipomaliza muda wake, Burrow akaingia kugombea na Haskins mazoezi yote ya Machi na Aprili 2018. Mwezi Mei akachukua shahada yake na kwenda LSU, chuo cha Louisiana, akiwa na haki ya kucheza papo hapo kwa sababu alikuwa mhitimu.

Angalia alivyopima. Haskins alikuwa nyuma yake kimasomo, hivyo alikuwa na miaka mbele ya kucheza, na alikuwa hodari kweli: msimu ule wa 2018 alirusha tachidauni 50, yaani pasi zilizoishia kwa bao. Burrow aliyaona hayo kwa macho yake kila siku uwanjani. Hakukisia wala hakusubiri kuambiwa na watu wa mtandaoni. Na hata LSU mambo hayakunyooka siku ya kwanza. Msimu wa kwanza alirusha tachidauni 16. Msimu wa pili, pamoja na wengi wa wenzake wale wale, akarusha 60, timu ikashinda mechi 15 kati ya 15, akapata tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, na NFL, ligi ya kulipwa, ikamchagua wa kwanza kabisa kati ya vijana wa vyuo. Kwa hiyo hata aliyehama ilibidi atulie.

Habari ya Hurts naijua kwa kukesha. Fainali ya taifa ya tarehe 8 Januari 2018, Alabama na Georgia mjini Atlanta, ilianza kwetu Dar es Salaam saa 10 alfajiri ya tarehe 9. Hurts alikuwa kwotabeki namba moja wa Alabama tangu mwaka wake wa kwanza na alikuwa amepoteza mechi 2 tu. Kipindi cha kwanza alikamilisha pasi 3 kati ya 8. Georgia wakaenda mapumziko wakiongoza 13 kwa 0. Timu iliporudi, aliyesimama nyuma ya mpira alikuwa Tua Tagovailoa, mtoto wa mwaka wa kwanza. Mechi ikaingia muda wa nyongeza, na Tua akamaliza kazi kwa pasi ya yadi 41 kwa DeVonta Smith: 26 kwa 23. Kamera ikawa inamrudia Hurts. Alikuwa anashangilia na wenzake kwa moyo wote, na nilijua kuna familia mahali inamwangalia mwanawe na kulia.

Kila mtu alitegemea aondoke. Tua alikuwa na angalau miaka 2 mbele, na namba ilikuwa imeshahamia kwake. Hurts akabaki mwaka mzima.

Halafu ikaja Desemba mosi 2018, fainali ya ligi yao ya SEC. Uwanja ule ule, wapinzani wale wale. Robo ya nne, Georgia wakiongoza 28 kwa 21, Tua akaumia kifundo cha mguu. Hurts akavaa kofia. Alikamilisha pasi 7 kati ya 9, akasawazisha kwa pasi ya Jerry Jeudy, na ikiwa imebaki dakika moja na sekunde chache akakimbia yadi 15 mwenyewe hadi ndani. Alabama 35, Georgia 28. Mtu aliyetolewa mapumziko kwenye uwanja ule mbele ya nchi nzima alirudi miezi 11 baadaye kuiokoa timu iliyomtoa.

Mwezi huo huo akahitimu. Ndipo alipohama kwenda Oklahoma, akawa wa pili kwenye kura za Heisman za 2019 nyuma ya Burrow, na Februari 2025 akachaguliwa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa na Philadelphia Eagles. Ni kweli angeweza kuondoka Januari 2018, na huenda angefanikiwa vilevile. Ila makocha waliomtafuta baada ya mwaka ule hawakuhitaji kuuliza ni mtu wa aina gani. Na mwenyewe ameeleza mara nyingi jinsi kipindi kile kilivyomjenga.

Mwaka huo huo wa 2018, katika chuo cha Clemson kulitokea kinyume chake. Kelly Bryant alikuwa ameiongoza timu msimu wote wa 2017 na kuanza mechi 4 za kwanza za 2018. Septemba namba ikaenda kwa Trevor Lawrence, na kwa kuwa sheria mpya ilimruhusu aliyecheza mechi zisizozidi 4 kuuhifadhi mwaka huo usihesabiwe kati ya miaka yake ya kucheza, Bryant akaaga. Simlaumu. Alikuwa mwaka wa mwisho, na aliyempita alikuwa mtoto wa mwaka wa kwanza mwenye kipaji ambacho kipofu angekiona. Lakini siku chache baadaye, tarehe 29 Septemba, Lawrence akaumia kipindi cha kwanza dhidi ya Syracuse. Aliyeingia alikuwa Chase Brice, ambaye hakuna aliyekuwa akimzungumzia. Clemson wakiwa nyuma, Brice akawaongoza yadi 94 hadi ushindi wa 27 kwa 23. Timu ikashinda mechi zote 15 na kuchukua ubingwa. Bryant akacheza mwaka uliofuata Missouri, wakashinda 6 na kupoteza 6.

Mfano mmoja unanisumbua kwa sababu unanipinga, nao ni wa Justin Fields. Alikaa Georgia mwaka mmoja tu, 2018, nyuma ya Jake Fromm, akahamia Ohio State, NCAA wakamruhusu kucheza papo hapo, na msimu wa kwanza akarusha tachidauni 41 huku pasi 3 tu zikinaswa. Alikuwa sahihi kuondoka. Kwa nini yeye, na si kila mtu? Fromm alikuwa amemtangulia kwa mwaka mmoja tu, alikuwa ameshaifikisha timu fainali ya taifa, na hakuwa na dalili ya kupoteza namba. Fields akibaki, angeiona namba mwaka 2020 kama mambo yangekwenda vizuri. Na alikuwa ameshaonyesha uwezo wake kiasi kwamba vyuo vikubwa vilikuwa vinamsubiri. Mlango ulikuwa umefungwa, na yeye alikuwa tayari. Vitu hivyo viwili vikikutana, ondoka, na usione aibu.

Ndiyo maana nasema kijana asihesabu miaka yake peke yake. Ahesabu miaka ya aliye mbele yake. Mac Jones alifika Alabama mwaka 2017 pamoja na Tua, mwaka mmoja, nafasi moja, na Tua akiwa shujaa wa taifa. Mlango ulionekana umepigwa misumari. Lakini Tua alitarajiwa kuondoka mapema kwenda NFL, na Jones akabaki. Novemba 2019 Tua akavunjika nyonga na Jones akaingia. Mwaka 2020 akafika Bryce Young, kijana aliyekuwa gumzo la nchi, na Jones akalishinda pambano hilo pia. Akakamilisha asilimia 77.4 ya pasi zake, rekodi wakati huo, akachukua ubingwa dhidi ya Ohio State kwa 52 kwa 24, na NFL wakamchagua wa 15. Miaka yake 3 ya kusubiri ilikuwa na hesabu ndani yake.

Georgia ndiko nimejifunza zaidi. Brock Vandagriff alifika 2021, Gunner Stockton 2022, wote nyuma ya Carson Beck aliyekuwa naye amesubiri miaka 3. Mwisho wa 2023 Vandagriff akahamia Kentucky na kupata namba. Timu ikashinda mechi 4 ikapoteza 8, na mwisho wa msimu akatangaza kuacha mpira. Stockton akabaki. Tarehe 7 Desemba 2024, fainali ya SEC dhidi ya Texas, Beck akaumia kiwiko mwishoni mwa kipindi cha kwanza, na Stockton akaingia timu ikiwa nyuma 6 kwa 3. Mechi ikafika muda wa nyongeza. Pale yadi chache kutoka mstarini Stockton akapigwa dafrao mpaka kofia ikaruka, na sheria inasema mchezaji aliyevuliwa kofia atoke kwa mchezo mmoja. Beck akarudi uwanjani na kiwiko chake kibovu, hawezi kurusha chochote, akamkabidhi mpira Trevor Etienne, na Etienne akaingia nao. 22 kwa 19. Namba mbili ameibeba mechi, namba moja mgonjwa ameshika mpira sekunde moja tu, na ubingwa ni wao wote wawili. Mwaka 2025 Stockton akawa namba moja, na Desemba wakaichapa Alabama 28 kwa 7 kuutetea ubingwa huo.

Sisemi Vandagriff alikosea na Stockton akapatia. Vandagriff alitaka kucheza na alicheza, na kijana anayetaka kucheza hadaiwi maelezo na mtu. Ninachosema ni kwamba kupata namba mahali dhaifu ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana ukiwa benchi la mahali imara. Walinzi wa mbele wanaokukinga hapa ni vijana wa NFL. Kule utakuwa chini ya rundo la watu kila wiki.

Makocha nao wana mzigo wao, na hapa hasira yangu haifichiki. Wanamwambia kijana avumilie, zamu yake inakuja, halafu zamu ikifika wanachukua mtu kwenye daftari. Devin Brown alifika Ohio State 2022, akakaa nyuma ya C.J. Stroud, mwaka uliofuata akashindwa na Kyle McCord. McCord akaondoka, na Brown akaanza mechi ya Cotton Bowl mwishoni mwa 2023, akaumia kifundo. Chuo kikamleta Will Howard kutoka Kansas State, na Januari 2025 Howard akawapa ubingwa wa taifa. Kwa timu ilikuwa akili. Kwa Brown, miaka 3 ya subira iliishia hapo, naye akahamia chuo cha California. Huwezi kumhubiria mtoto uaminifu huku mkono wako uko kwenye daftari. Kocha anayetaka vijana wake wakae aseme mapema na kwa uwazi: mwakani nitaleta mtu, au sitaleta.

Halafu kuna pesa. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia mapato, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Watu wanamsifu Arch Manning kwa kukaa Texas misimu 2 nyuma ya Quinn Ewers bila kulalamika, na anastahili sifa. Lakini babu yake ni Archie, baba zake wadogo ni Peyton na Eli, wote waliokuwa makwotabeki wa NFL, na kwao hakuna bili inayosubiri. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kijana ambaye mama yake anafanya zamu mbili za usiku akipewa ofa ya pesa na chuo kidogo, mimi ni nani nimwambie akae akasubiri? Achukue, ila aulize kwanza ofa hiyo imeandikwa wapi na inadumu muda gani.

Turudi kwa mpwa wangu. Namba tatu hafanyi mazoezi ya timu yake. Wiki ya mechi anaongoza kikosi kinachoigiza wapinzani: msaidizi wa kocha ananyanyua kadi kubwa iliyochorwa miduara na mishale, kijana anaitazama sekunde chache, kisha anacheza mchezo wa watu wengine ili mabeki wa namba moja wajiandae. "Mjomba," aliniambia, "msimu mzima nimekuwa kwotabeki wa kila timu isipokuwa yetu." Sikuwa na jibu la haraka. Siku ya mechi anasimama pembeni akitoa ishara za mikono, nusu yake za kuwazuga wapinzani, na hata kazi hiyo imepungua tangu 2024 makocha waliporuhusiwa kuongea na kwotabeki kwa redio ya ndani ya kofia.

Nilimuuliza namba moja anamaliza lini. Mei ijayo. Namba mbili je? Yeye na mpwa wangu wako mwaka mmoja wa masomo. Umewahi kupewa hata wiki moja ya kugombea naye sawa kwa sawa? Akanyamaza, halafu akasema bado, mazoezi ya Machi ndiyo yangekuwa ya kwanza.

Na hapo ndipo sheria mpya inapoumiza. Hadi mwaka 2025 kulikuwa na dirisha la pili la kuhama mwezi Aprili. Kijana aliweza kugombea namba kwanza, akishindwa ndiyo ahame, kama Burrow alivyofanya. Dirisha hilo limefutwa. Limebaki moja, kuanzia tarehe 2 hadi 16 Januari 2026, na mazoezi ya kugombea namba yanakuja baada ya hapo. Makocha walilitaka hivyo ili vikosi vitulie, nami naelewa, lakini mzigo wote umetupwa kwa namba mbili na namba tatu: wanatakiwa kuamua kabla ya pambano. Na akiandika jina lake, chuo kinaruhusiwa kuacha kumlipia masomo. Asipopata pa kwenda, amekosa namba, ada, na baadhi ya kozi ambazo chuo kipya kinaweza kuzikataa. Wapo wengi wa namna hiyo, na hakuna anayewataja kila Desemba.

Ushauri wangu kwake ni abaki, agombee Machi, na ikishindikana akae mpaka apate shahada. Lakini upo kwa sharti moja: kabla ya dirisha kufunguliwa aingie ofisini kwa kocha na kumuuliza, ana kwa ana, kama atamleta mtu kutoka kwenye daftari. Akijibiwa ndiyo, au akizungushwa maneno, basi hesabu imebadilika, na nitakuwa wa kwanza kumsaidia kuandika jina.

Aliniahidi angekwenda kabla ya kurudi nyumbani kwa Krismasi. Asubuhi hii dada amenitumia ujumbe: kijana amefika Houston, anakula, anacheka na wadogo zake, na kwa kocha hakwenda.